Fulana Nne za Timu

Watu wananijua kuwa mtu wa kusema mambo kwa sauti, kwa hiyo wanadhani siwezi kuwa na wivu, maana wivu wanauhesabu ni ugonjwa wa watu wa kimyakimya. Wanajidanganya. Mimi nimewahi kuona wivu mpaka nikawa nalala nao na kuamka nao, na aliyenitia wivu huo hakunichukulia mume wala mchumba. Alinichukulia kocha.

Ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa kwenda Likombe. Jina langu Raheli. Sisi ni Wahehe wa Iringa, na tulikuwa Mtwara kwa sababu baba alikuwa karani bandarini. Msimu wa korosho ukifika hatukumwona nyumbani ila Jumapili. Pale chuoni mimi nilikuwa kapteni wa timu ya mpira wa pete. Nasema kapteni, lakini nilikuwa kila kitu. Mimi ndiye niliyechora mistari ya kiwanja kwa majivu, ndiye niliyebishana na mpishi tupate uji kabla ya mazoezi, ndiye niliyewafokea wenzangu wakizembea. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa amehamishwa tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyeletwa badala yake.

Ndipo akatokea Helena. Alikuwa karani wa muda pale ofisini kwa Mkuu wa Chuo, kazi yake kupiga chapa, mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi. Siku moja jioni alikuwa anapita kiwanjani akielekea kwake, akasimama kututazama. Nikaona anaweka mkoba chini, anavua viatu, anaingia. Kumbe huko kwao Songea alikuwa mchezaji wa sifa. Akatuonyesha jinsi ya kuudaka mpira hewani na kutua kwa mguu mmoja bila kuyumba, akarudia mara tano, kisha akauliza, "Na huyu mrefu anayefoka ni nani?"

"Raheli," wakamwambia. "Mhehe."

"Aa," akasema. "Basi ficheni mbwa wenu."

Wenzangu, wengi wao watoto wa pwani, walishtuka wakidhani nitamrukia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Helena alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana: wao wanasema sisi tunakula mbwa, sisi tunasema wao ni wezi wa ng'ombe. Nikamjibu palepale, "Na wewe Mngoni, weka mikono yako mahali tunapoiona. Babu yangu mpaka leo anatafuta ng'ombe wake."

Sijui kama mtu ambaye hajaishi mbali na kwao atanielewa. Pale Mtwara watu walitupokea vizuri, sina la kuwasema. Lakini nilikuwa nakula ugali wa muhogo kwa kujilazimisha, na sikuwa na mtu wa kumtukana kwa raha zangu na yeye akanitukana tukabaki tunapendana. Helena alinipa hilo. Akawa anakuja kiwanjani kila jioni bila kulipwa senti, na kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda chumbani kwake Likombe, ananisuka nywele huku ananisimulia habari za mwanawe. Alikuwa na binti wa miaka minne, Rozalia, aliyemwacha kwa bibi yake Songea kwa sababu kibarua hapewi nyumba. Siku zote alisema, "Nikipata kazi ya kudumu hapa, namleta." Na mimi nikawa najiona shangazi tayari. Nilishamwekea yule mtoto gauni langu moja la zamani nilipunguze.

Mbele ya watu aliniita mkono wake wa kulia. Nilitembea na maneno hayo kama mtu aliyevaa saa mpya.

Mwezi wa saba wakaingia wanachuo wa mwaka wa kwanza, na kati yao akaja Somoe, Mmakonde wa Msimbati, huko kwenye ghuba ya Mnazi. Msichana mfupi, mpole, shikamoo nyingi. Siku ya kwanza alikuja mazoezini miguu mitupu, kanga kiunoni juu ya sketi, nikasema moyoni, haya, tumeletewa wa kuokota mipira. Helena akamrushia mpira. Yule mtoto aliruka, na naapa sijaona binadamu akikaa hewani vile. Mtu aliyekua akikimbia kwenye mchanga wa Msimbati, ukimweka kwenye ardhi ngumu anakuwa hana uzito. Helena alisimama tu, mkono mdomoni, na uso wake niliutambua, kwa sababu niliwahi kutamani anitazame mimi hivyo na hakuwahi.

Basi hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Sitawadanganya kwamba Somoe alikuwa mbaya. Ingekuwa nafuu. Alikuwa ananiita Dada Raheli, akirudi kwao Jumapili ananiletea samaki mkavu, ananifulia hata soksi nikimwacha. Kila wema wake ulinichoma. Mazoezini Helena alikuwa sasa anasema, "Somoe, tena. Somoe, njoo nikuonyeshe." Mimi nikikosea aliniambia, "Raheli, wewe unajua," akageuka. Mara moja nilikosea makusudi mara tatu mfululizo ili anikaripie. Akaniuliza kama naumwa.

Mwezi wa tisa Mkuu wa Chuo, Bwana Erasto, akatangaza kwamba chuo kimepata nafasi ya mwalimu wa michezo, kazi ya kudumu, na nyumba juu yake. Kabla hatujashangilia tukasikia kwamba nafasi ina mwenyewe: Bwana Josephu, askari polisi mstaafu. Huyo alishawahi kuja kututazama mara moja. Alitupanga mistari miwili, akatukimbiza kuzunguka kiwanja tukiimba, akasema wasichana hawafai kuruka sana, akaondoka.

Nikawaambia wenzangu hatuingii kiwanjani mpaka tuulizwe. Siku zile, kama mnakumbuka, ule mwongozo wa chama uliokataza viongozi kujifanya mabwana wakubwa ulikuwa na mwaka mmoja tu, na kila mahali watu wa chini walikuwa wanawauliza mabosi maswali. Tukaenda ofisini kumi na wanne, tukasimama. Alikuwepo Mkuu na Bwana Emmanueli, mkufunzi wa hesabu, mtu wa kunyoosha kila kitu kwa rula.

"Tangu lini mwanafunzi akamchagua mwalimu?" Bwana Emmanueli akauliza. "Leo mtachagua wa michezo. Kesho mtataka kuchagua wa hesabu, na mtamchagua asiyetoa mitihani."

"Wewe ukinifundisha vibaya nitafeli, mwalimu, na mtihani nitaurudia," nikamjibu. "Bwana Josephu akinifundisha vibaya nitavunjika goti. Goti hili ni langu, na hakuna anayejua kama linafundishwa vizuri kuliko mimi ninayetembea nalo."

"Mchezaji anampenda kocha anayempenda," akasema. "Hiyo ndiyo hatari yake. Hamtachagua kwa magoti. Mtachagua kwa mioyo."

Nilimwona mpumbavu. Mkuu alikuwa mtu mwoga kidogo, hakupenda jina lake lifike mahali likiitwa bwana mkubwa. Akakubali. Kutakuwa na waombaji wawili, Helena na Bwana Josephu, na kwenye kamati atakaa mwakilishi mmoja wa wanamichezo, kapteni, atakayeleta kauli ya wenzake na kuweka sahihi kwenye muhtasari wa kikao kama wajumbe wengine.

Jioni ile tulipiga kura kiwanjani kwa kupanga mstari. Nguzo ya goli la huku ni Helena, ya kule ni Bwana Josephu. Kumi na wanne wote tulijipanga nyuma ya Helena, na nguzo ya kule ikabaki inapigwa na upepo. Nilihesabu mara mbili kwa furaha. Na mnataka kujua nilikuwa nafurahia nini? Nilikuwa nasema, akipata kazi hii ataipata kwa mkono wangu. Nyumba atakayokaa, mtoto atakayemleta, vyote vitakuwa vimepita kwangu. Hapo tuone kama atageuka tena akimwangalia Somoe.

Jumamosi kabla ya kikao tulicheza na wauguzi wa hospitali. Tukiwa tunavaa, Helena akanishika bega, akaniambia leo Somoe atakaa mbele kufunga, mimi nirudi nyuma kulinda. Mbele palikuwa pangu tangu nijiunge na chuo.

"Wewe sina wasiwasi nawe," akasema. "Wewe ni mtu mzima, popote nikikuweka utasimama. Huyu anahitaji kutiwa moyo."

Tukawafunga thelathini na moja kwa kumi na mbili, na ishirini na sita alifunga Somoe. Mpira ulipokwisha Helena alikimbia, akanipita mimi niliyekuwa karibu, akaenda kumkumbatia yule. Kisha akafungua mkoba akatoa raba zake nyeupe, zile alizochezea Songea, alizokuwa hataki hata nizijaribu, akamvisha mwenyewe amepiga magoti. Zilimtosha kama zilishonwa kwa ajili yake. Miguu yangu mimi ni mikubwa, lakini hilo si la kuniambia mtu siku ile.

Jumatatu saa nne asubuhi kamati ikakaa maktaba. Mkuu, Bwana Emmanueli akiandika muhtasari, wakufunzi wengine wawili, na mimi. Wakamwita Bwana Josephu, akajibu maswali kwa sauti ya gwaride. Wakamwita Helena, akajibu kwa upole na kwa akili. Alipotoka, Mkuu akanigeukia.

"Haya kapteni. Wanamichezo wanasemaje?"

"Wanamtaka Bi Helena. Kumi na wanne, hakuna aliyekwenda upande wa pili."

Mkuu aliitikia kwa kichwa taratibu, akaonekana kama mtu aliyetua mzigo. Naye alimpenda Helena. "Hakuna malalamiko juu yake? Vifaa, nidhamu, lolote? Semeni sasa, msije mkasema kesho."

Neno moja lilikuwa linatosha. Hakuna. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema:

"Malalamiko? Mngoni yule, Mkuu? Mkimpa funguo za stoo mmekwisha. Hata sasa hivi fulana nne za timu hazionekani, muulizeni yeye zimekwenda wapi. Wale ndivyo walivyo, tangu enzi za babu yangu."

Wakacheka, jamani. Mkuu alivua miwani akafuta machozi. Mkufunzi mmoja akapiga meza akisema Wahehe hawasahau. Hata Bwana Emmanueli alicheka, alicheka huku anaandika.

Zile fulana zilikuwa kwa fundi Salumu pale sokoni, zinangoja kushonewa herufi. Tulizipeleka mimi na Helena, nimebeba mimi mwenyewe kichwani. Cherehani ya Salumu iliharibika, akawa anangoja kipuri kutoka Dar es Salaam. Maneno hayo hata dakika moja hayafiki, na sikuyasema. Nilijiambia, si wamecheka, wameelewa. Nitasema ukweli wangu hapa kwa sababu sina tena wa kumficha: nusu ya maneno yale ilikuwa utani. Nusu ya pili nilikuwa natembea nayo tangu Jumamosi.

Jumatano Bwana Emmanueli akaniita nikaweke sahihi. Muhtasari aliupiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili, kwa sababu Helena hangeweza kupiga chapa habari zake mwenyewe. Nikasoma. Kura kumi na nne zilikuwemo. Chini yake kulikuwa na mstari huu: Mwakilishi wa wanamichezo alieleza kuwa fulana nne za timu hazionekani na kwamba Bi Helena ndiye anayepaswa kuulizwa. Basi. Kicheko hakikuwemo. Mngoni hakuwemo, wala babu yangu.

Nikausoma tena mstari ule.

"Kama kuna la kusahihisha niambie, nisahihishe kabla haujapelekwa juu," Bwana Emmanueli akasema, na alisema kwa haki kabisa. "Si mlitaka nafasi? Nafasi yenyewe ndiyo hii."

Nikamwambia nitarudi saa kumi. Nilitaka kwanza nimkimbilie Helena, nimsomee mstari ule kwa kichwa, tucheke mpaka tuchoke, anitukane vizuri, halafu nirudi nikafute. Siku ile Helena alikuwa amepewa ruhusa asije ofisini, nikaenda Likombe karibu nakimbia, jua la saa nane kichwani.

Mlango wake ulikuwa wazi na mkeka umetandikwa uani. Somoe alikuwa ameketi katikati ya magoti ya Helena, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado kimesimama. Kando yao sahani ya muhogo wa kuchoma. Helena alikuwa na kitana mdomoni, anacheka na kitu Somoe alichosema.

"Mhehe," akasema akikitoa kitana. "Karibu. Kaa hapo ungoje, nikimaliza huyu nitakushika wewe." Kisha, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, "Hebu msikie Somoe. Anasema Rozalia wangu akija, atampeleka kwao Msimbati akamfundishe kuogelea."

Ningoje. Nilisimama pale uani nikitazama vidole vyake kwenye nywele za mtu mwingine. Roho iliniuma mpaka nikasikia masikio yanawaka. Kwa hiyo hata mtoto. Hata mtoto ambaye mimi nilimjua jina kabla Somoe hajajua chuo kiko wapi, ameshapata wa kumpeleka baharini. Somoe akainua macho akanipisha mkeka, "Kaa, Dada Raheli, mimi nitangoja," na akataka kweli kunyanyuka na nywele zake nusu. Ule ukarimu wake ndio ulionimaliza.

"Nina kazi ya chuo," nikasema.

Saa kumi kasorobo nilikuwa ofisini. Bwana Emmanueli akanisogezea karatasi na kalamu.

"Hakuna la kusahihisha?"

"Hakuna."

Nikaandika jina langu lote, langu na la baba na la babu, kwa mwandiko mzuri wa ualimu.

Wiki tatu baadaye Mkuu alituita timu nzima bwaloni. Alikuwa na barua, na hakuwa na raha. "Wanamichezo," akasema, "mlitaka sauti yenu isikike, na imesikika. Walioko juu wamesoma muhtasari. Wanasema hawawezi kumkabidhi vifaa mtu ambaye wachezaji wake wenyewe wana shaka naye." Kazi akapewa Bwana Josephu. Na Helena, kibarua chake kilichokuwa kiongezwe mwisho wa mwaka, hakikuongezwa.

Siku mbili baada ya hapo kipuri cha Salumu kilifika. Fulana zikaletwa, zote nne, zimepigwa pasi, herufi zimekaa sawasawa. Mkuu, Mungu ambariki, aliandika barua nyingine kueleza. Wakamjibu kwamba muhtasari una sahihi ya wanamichezo, na wao hawawezi kuwa wanawauliza wanamichezo halafu wakapuuza walichosema.

Wenzangu walinizunguka. Nilisema nini huko ndani? Nikawaambia, nilifanya utani tu, yule ni mtani wangu, mnatujua. Wakubwa wamechukua utani wakaufanya kesi. Wote wakaamini. Wakawalaani wakubwa mpaka wakachoka. Somoe peke yake aliuliza, kwa ile sauti yake ya chini:

"Dada Raheli, hawakukusomea kabla hawajapeleka?"

"Hawakunisomea," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akaenda kuchukua majivu akachore mistari, maana jioni hiyo Bwana Josephu alikuwa anaanza.

Na je, nilipata nilichotaka? Nilirudi mbele kufunga, ndiyo. Bwana Josephu alipanga watu kwa urefu. Somoe alikaa nje wiki mbili za mwanzo akiwa na zile raba nyeupe miguuni, na kila nikifunga niligeuka kutazama pembeni pale Helena alipozoea kusimama. Mtu atakuambia wivu unaisha ukishampata unayemwonea. Wangu haukuisha. Nilikaa nikiwaza, sasa hivi Somoe yuko kwake anamfariji. Mimi sikuweza kwenda kumfariji. Ningekwenda na uso gani?

Helena aliondoka mwezi wa kumi na mbili, mvua zimeshaanza. Basi la Masasi lilikuwa linaondoka asubuhi, na kutoka Masasi angetafuta gari la Tunduru, na kutoka Tunduru ni Mungu na matope mpaka Songea. Timu yote tulikwenda stendi kumsindikiza. Alikuwa na sanduku la bati, kikapu, na godoro lililofungwa kamba. Vitu vya nyumba aliyokuwa hajapewa.

Alikuwa anatania watu kushoto na kulia. "Msimseme Mhehe wangu," aliwaambia wasichana. "Babu zake walishindwa kutufukuza kwa mikuki, yeye ameweza kwa karatasi. Mpeni heshima yake." Wakacheka, wengine wanalia. Akaanza kuwakumbatia mmoja mmoja, na hata pale, katika hali ile, nilikuwa nahesabu. Nilitazama nani amekumbatiwa kwanza na nani amekumbatiwa muda mrefu. Alikuwa Somoe, yote mawili. Nikaona wivu uleule unanipanda kooni, mzima, haujapungua hata chembe, na hapo ndipo nilipojiogopa.

Nikachukua kikapu chake nikasema nitakipakia. Akanifuata upande wa pili wa basi, upande wa ukuta, ambako hapakuwa na watu.

"Dada Helena," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwita dada tangu tulipojuana. Nilimwita Mngoni, au mwizi. "Ule muhtasari. Mimi nilirudi, nika…"

"Raheli."

Alisema taratibu. Uso wake haukuwa na utani tena, na nikaona jinsi alivyokuwa amekonda.

"Bwana Emmanueli alikuja kunipa pole," akasema. "Ni mtu mkweli yule. Amenisimulia jinsi mlivyocheka kikaoni. Na ya saa kumi, uliporudi kuweka sahihi, amenisimulia pia." Akarekebisha kamba ya kikapu ambayo haikuwa na tatizo. "Unataka kuniomba radhi?"

"Ndiyo."

"Usiniombe. Mtani hamwombi radhi mtani wake, hilo hata mtoto wa Kihehe analijua. Ukiniomba radhi leo, basi haikuwa utani. Na mimi nina safari ya siku tatu peke yangu, halafu nifike nimweleze mama yangu kwa nini nimerudi. Nataka nimwambie nilikuwa na mtani huko Mtwara, akazidisha. Niachie hilo."

Dereva akapiga honi. Helena hakuondoka. Alisimama ananitazama, anangoja, na nikaelewa anangoja nini.

"Haya panda, Mngoni," nikasema. "Na abiria nimeshawaambia washike kuku wao."

Akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia, ameshika chuma cha ngazi ya basi, na wenzangu waliokuwa upande wa pili waliposikia kicheko chake nao wakacheka, bila kujua tumesema nini.